Poni wawili, kondoo na mbwa katika ekari nne za Kinangop: jibu la daktari wa mifugo

Swali: "Daktari, hujambo. Mume wangu alitunza farasi wa watu miaka mingi upande wa Naivasha. Alipostaafu, mwajiri wake alimpa poni wawili, dume aliyehasiwa na jike, pamoja na magunia mawili ya chakula cha farasi. Tuko Kinangop kwenye ekari nne. Tuna kondoo kumi na wanane wa sufu na mbwa watatu. Malisho yetu ni nyasi za kikuyu tupu, na jioni nawawekea poni na kondoo pumba za ngano katika karai moja. Kila wiki nawanyunyizia wote dawa ya kupe. Mume wangu mgongo unamsumbua, kwa hiyo kazi ni yangu na watoto. Nipangie siku yangu: nianzie wapi, na je, wanaweza kulisha pamoja? Tukichinja, mbwa ndio wanaomaliza matumbo na maini mabovu, sijui kama kuna ubaya. Watoto nao wanataka kumpanda poni. Halafu yule dume siku hizi uso umevimba pande zote mbili juu ya taya na anatafuna polepole. Jirani anasema ni meno."

Hujambo mama. Umelitaja la uso wa dume mwishoni, lakini ndilo lisiloweza kungoja, kwa hiyo naanza nalo.

Mshike hatamu, simama mbele yake na umtazame uso kwa uso. Kisha pitisha viganja vyote viwili kwa wakati mmoja kutoka chini ya macho kuelekea puani, juu kidogo ya mstari wa meno. Jino bovu kwa kawaida huvimbisha upande mmoja, na mara nyingi pua ya upande huo hutoa usaha wenye harufu. Kama unachokigusa ni kigumu, kimekaa sawasawa kushoto na kulia, na hashtuki unapobonyeza, basi huo ni mfupa wenyewe uliotanuka. Mtembeze pia. Wengi wa aina hii hupiga hatua fupi na kuchechemea mguu huu leo, mwingine wiki ijayo, bila kidonda wala kwato lenye joto.

Kwa maelezo yako, ninachoshuku kwanza ni nyasi za kikuyu na pumba. Nyasi za kikuyu zina oksaleti nyingi, kemikali inayoshikamana na kalsiamu ya chakula na kuizuia isiingie mwilini. Kondoo wako hawadhuriki kirahisi, kwa sababu bakteria wa tumbo lao la kwanza huivunja oksaleti mapema, kalsiamu ikabaki huru. Farasi hana tumbo hilo. Bakteria wake wako nyuma, kwenye utumbo mpana, na chakula kinapofika huko sehemu ya kufyonza kalsiamu imeshapitwa. Mwili ukikosa kalsiamu huichukua mifupani, na mifupa ya uso na taya huathirika sana. Mahali pa mfupa mgumu panajaa nyuzinyuzi laini, uso unavimba, meno yanalegea, na kutafuna kunauma.

Pumba za ngano zinaongeza tatizo kwa sababu zina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo sana, na fosforasi ikizidi inazuia hata ile kalsiamu iliyobaki. Zamani huko Ulaya ugonjwa huu ulionekana kwa farasi wa wenye vinu vya kusaga nafaka, kwa kuwa ndio waliolishwa pumba siku zote. Wewe umewapa wako nyasi zile na pumba zile kwa pamoja, na umefanya hivyo kwa nia njema, kwa sababu kondoo walionenepa katika uwanja huohuo hawakukupa dalili yoyote.

Kwa hiyo acha pumba kwa poni leo. Tafuta hei, yaani nyasi zilizokaushwa, ya Boma Rhodes au ya oti, ambazo oksaleti yake ni kidogo, na uwape kama nusu ya chakula chao cha siku badala ya kuwaacha kwenye kikuyu kutwa. Lusani kidogo inafaa pia. Kisha nunua kwenye agroveti chokaa ya mifugo, yaani kalsiamu kaboneti iliyosagwa, na unga wa DCP (dikalsiamu fosfeti, madini ya kalsiamu na fosforasi) ambao wafugaji wa ng'ombe wa maziwa wanaujua. Tafadhali isiwe chokaa ya kupaka ukutani, hiyo itamuunguza mdomo na tumbo. Changanya sehemu moja ya chokaa na mbili za DCP, ukoroge na molasi ili ale bila kuchambua. Farasi mkubwa wa kilo 500 anayelishwa nyasi za aina hii hupewa kilo moja ya mchanganyiko huo kwa wiki kama kinga, na aliyekwisha kuvimba hupewa mara mbili. Poni wako ni chini ya nusu ya uzito huo. Jike mpe kama nusu kilo kwa wiki na dume kama kilo moja, vyote vikigawanywa kwa siku saba, na daktari atakayemwona dume arekebishe kipimo hicho baada ya kumpima damu na kumkagua meno. Nafuu huchukua miezi. Kuchechemea huisha kwanza, kutafuna kunafuata, lakini uvimbe wenyewe huenda usiishe wote. Mpige picha ya uso kutoka mbele kila mwezi, mahali pamoja, kwa sababu macho yanayomwona kila siku hayatambui mabadiliko.

Uzito utauhitaji kwa kila kitu, chakula hata dawa, na mizani hutaipata. Chukua futi ya fundi cherehani. Zungusha kifuani nyuma ya miguu ya mbele, kisha pima urefu kutoka ncha ya bega hadi ncha ya tako, vyote kwa sentimita. Zidisha mzunguko kwa mzunguko, zidisha kwa urefu, gawa kwa 11,880. Poni mwenye kifua cha sentimita 140 na urefu wa 130 ana kilo zipatazo 215. Huyo anahitaji chakula kikavu kama kilo tatu na nusu hadi nne na robo kwa siku.

Sasa karai. Hapa nakuomba uwe mkali hata kwa watoto. Poni wale chombo chao na kondoo chao, na ndani ya uzio tofauti, kwa sababu hatari ni kwa pande zote mbili. Chakula cha farasi kwenye yale magunia kimeongezewa shaba. Farasi anaihitaji na anaivumilia. Kondoo anaivumilia kidogo mno, na ile asiyoitumia hujilundika kwenye ini wiki baada ya wiki bila dalili yoyote. Siku akipata mshtuko, labda safari ya sokoni au mvua ya baridi usiku kucha, ini huachilia yote kwa mpigo. Utamkuta amelala, macho ya manjano, mkojo wa rangi ya kahawa, na mara nyingi ni maiti kabla ya jioni. Nimewafungua kondoo wa namna hiyo nikakuta figo nyeusi. Chumvi ya kulamba nayo ni hivyohivyo, soma mfuko, na kondoo wapate ile iliyoandikwa ya kondoo. Hata pumba usiwazidishie, hasa madume waliohasiwa, maana fosforasi ikizidi hupata mawe ya mkojo na kushindwa kukojoa.

Upande wa poni, hatari kubwa ni chakula cha kuku. Kuna dawa ya kuzuia koksidia, vimelea vya utumbo wa kuku, iitwayo monensini, huchanganywa kwenye vyakula vingi vya kuku na baadhi ya vyakula vya ng'ombe. Kuku hana shida nayo. Farasi hufa kwa dozi ndogo sana kwa sababu huharibu misuli ya moyo. Kama una kuku, gunia lao likae chumba chenye kitasa.

Dawa ya kupe pia usiigawe bila kusoma. Nyingi tunazonyunyizia kondoo na ng'ombe hapa kwetu zina amitrazi. Kwa farasi, amitrazi hupooza mwendo wa matumbo, kinyesi kikakauka ndani, na farasi hawezi kutapika ili kupunguza shinikizo. Soma kibandiko cha chupa yako kabla ya wiki hii kuisha. Ukiona neno hilo, poni wasinyunyiziwe tena, na utafute dawa ya kundi la pairethroidi iliyoandikwa kuwa ni ya farasi. Ukiwa na paka asikaribie farasi mwenye dawa hiyo ikiwa bado mbichi. Na mbwa wasilambe mabaki ya dawa ya minyoo ya farasi kwenye bomba lake: ni kali, na mbwa wenye damu ya kolli, wale wa kuchunga, wanaweza kupoteza fahamu kwa aivamektini kidogo tu.

Umeuliza kama wanaweza kulisha pamoja. Uwanjani ndiyo, na hapo nakutia moyo kabisa. Minyoo mingi ya kondoo haiishi ndani ya farasi, na ya farasi haiishi ndani ya kondoo. Poni anapokula nyasi zenye mabuu ya minyoo ya kondoo, mabuu hayo yanaishia humo. Utaona pia kwamba poni wana sehemu zao za kujisaidia na hawali nyasi zilizo karibu nazo, zinaota ndefu na chungu, lakini kondoo huzila bila shida. Gawanya ekari zako vipande vinne. Kondoo watangulie kipande kimoja, wakihama poni waingie, na kipande kipumzike. Tumia waya laini wa umeme wa sola ukiweza. Seng'enge ya miiba inamchana farasi vibaya, kwa kuwa akinaswa huvuta kwa nguvu zote. Wakati wa kondoo kuzaa, watenge kabisa. Poni mwingine hukimbiza vitoto kwa mchezo, na teke moja linatosha.

Kuhusu siku yako, ianze kwa macho kabla ya kazi. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla hujafungua mlango wowote, simama uwatazame wakiwa bado wametulia. Poni asiyekimbilia chakula, anayetazama ubavu wake, anayechimba ardhi kwa mguu au kujiviringisha, ana maumivu ya tumbo, na simu ya daktari inapigwa kabla ya chai. Kagua kwato kwa mkono: ziwe baridi. Mvua za Machi hadi Mei zikishakuja na nyasi kuwa laini, poni mnene hupata uvimbe ndani ya kwato. Husimama ameegemea nyuma, miguu ya mbele ameinyoosha, hataki kugeuka. Huyo atolewe malishoni, asimame mahali laini, alishwe hei, aitiwe daktari. Kwa hiyo nyasi za mwanzo wa mvua wape saa chache tu za asubuhi. Maji yawepo siku zote, lita ishirini kwa poni mmoja ndizo za kuhesabia, na kwato zikatwe kila wiki sita hadi nane. Mume wako anajua kazi hiyo. Mwana mmoja ashike mguu, yeye aelekeze akiwa ameketi.

Kwa kondoo, fanya kazi moja ya maana kila wiki mbili wakati wa mvua. Mshike kondoo kichwa, bonyeza ukope wa juu kwa kidole gumba jicho lirudi ndani kidogo, na kwa kidole kingine vuta ukope wa chini ushuke. Ndani utaona ngozi laini. Nyekundu kama damu, ni mzima. Ya waridi hafifu, anza kumfuatilia, na kama ananyonyesha au bado ni mdogo mtibu. Nyeupe kama karatasi, minyoo inayonyonya damu imemkausha na akikimbizwa anaweza kuanguka. Njia hii ilitengenezwa Afrika Kusini, inaitwa FAMACHA, na ina kadi yenye rangi tano unayolinganisha palepale. Faida yake ni kwamba unatibu wale wanaohitaji tu, na dawa haizoeleki upesi kwa minyoo. Kondoo huyo wa minyoo anaweza pia kuvimba chini ya taya, uvimbe laini wa maji unaobonyea. Usiuchanganye na ule mgumu wa poni wako, ni mambo mawili tofauti kabisa. Kama siku moja utataka kubadili damu ya kundi, fikiria kondoo mwekundu wa Kimasai. Utafiti wa ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, hapa Kenya ulionyesha kwamba anahimili minyoo hii kuliko Dorper, kondoo wa nyama wa kigeni, na ni hasara kubwa kwamba tumemchanganya mpaka wale halisi wamekuwa adimu.

Mbwa. Mama, kuna ubaya, tena mkubwa, na ndio ningependa familia nzima isome. Yale maini na mapafu "mabovu" unayowatupia mbwa, nadhani yana vifuko vyeupe vyenye maji ndani, vingine kama punje ya mahindi, vingine kama yai. Kila kifuko kina vichwa vya tegu. Mbwa akila, baada ya wiki sita au saba ana tegu wadogo kwa maelfu utumboni, na kinyesi chake kinamwaga mayai kwenye nyasi, kwenye sukumawiki, na kwenye manyoya yake mwenyewe. Kondoo hula nyasi, na vifuko huanza upya. Mtoto humkumbatia mbwa kisha akala chapati bila kunawa, na kifuko huota kwenye ini au pafu lake taratibu kwa miaka. Turkana inajulikana duniani kwa ugonjwa huu, na shirika la afya la Amref lilianzisha mpango wa kuudhibiti huko mwaka 1983, wa upasuaji kwa watu na matibabu kwa mbwa. Tegu mwingine wa mbwa huweka kifuko kwenye ubongo wa kondoo, akaanza kuzunguka duara moja kichwa kikiwa upande. Wamasai wa Longido na Ngorongoro huuita ormilo. Umewahi kuchinja kondoo wa kuzunguka na kichwa akapewa mbwa? Basi hapo ndipo mzunguko wake ulipokamilika.

Kuanzia sasa mbwa asile kiungo kibichi cha kondoo. Vyenye vifuko viende kwenye shimo la choo, kwa sababu shimo la kawaida mbwa hulifukua. Vinavyoonekana vizuri vikatwe vipande na vichemke kwa angalau nusu saa. Mbwa wote watatu wapewe prazikwanteli kwa uzito wao kila wiki sita. Vidonge vingi vya bei nafuu vinaua minyoo mviringo tu, kwa hiyo taja jina hilo dukani na ulisome kwenye pakiti. Siku tatu nne baada ya dawa wafunge mahali pamoja, kinyesi kizikwe au kichomwe. Chanjo ya kichaa cha mbwa ni kila mwaka, kuanzia miezi mitatu ya umri, na kaunti mara nyingi huwa na siku za chanjo, muulize ofisa mifugo wa wadi. Mchana mbwa wawe na kazi au wawe kambani. Mbwa mmoja mpole akipata wenzake wawili wasio na la kufanya, watakimbiza kondoo, na shibe haiwazuii. Kama utachukua mwingine, mchukue akiwa wa wiki nane, alale ndani ya zizi la kondoo, alishwe humo, akue akijua hao ndio wake.

Jioni usingoje giza. Saa kumi na moja na nusu kila mnyama awe ndani, kwa sababu usubi, wale wadudu wadogo wa kuuma, huanza kazi jua linapozama na huendelea hadi alfajiri. Ndio wanaoleta ugonjwa wa farasi wa Afrika kwa poni, na ulimi wa buluu kwa kondoo. Wa farasi una namna kadhaa, na mbili za kuzijua ni hizi: ya mapafu, ambapo povu humtoka puani na wengi hufa ndani ya saa chache, na ya moyo, ambapo vile vishimo juu ya macho hujaa na kutuna. Banda lao liwe na wavu wenye matundu madogo sana dirishani, na chanjo wapate kila mwaka kabla ya mvua. Chanjo hiyo haikai kwenye agroveti za mitaani, huagizwa kupitia madaktari wanaotibu farasi, na kwa miaka aliyokaa Naivasha mume wako bila shaka anawajua. Waambie wachanje na pepopunda siku hiyohiyo. Poni akifa kwa ugonjwa huu, mzikeni ndani sana, kwani mbwa akila nyama yake anaweza kuugua na kufa naye pia. Chanjo ya ulimi wa buluu kwa kondoo hutengenezwa na KEVEVAPI, taasisi ya serikali ya chanjo za mifugo, hapa nchini. Kondoo wa sufu kama wako ndio wanaoumia zaidi, kwa hiyo usiache, ila wenye mimba changa wasichanjwe mpaka wazae.

Watoto na kupanda: dume hapana, kwa sasa hapana kabisa. Mifupa iliyopoteza kalsiamu inaweza kuvunjika kwa uzito mdogo, na mtoto ataanguka naye. Asubiri daktari aseme yuko tayari, na hiyo ni miezi mingi. Jike, kama kwato ni nzuri na hachechemei, anaweza kubeba moja ya tano ya uzito wake, matandiko yakiwa ndani ya hesabu. Kwa poni wa kilo 215 ni kilo 43, kwa hiyo mtoto wa kilo 35 ndiye mwisho. Avae kofia ngumu inayofungwa kidevuni na viatu vyenye kisigino, na wiki za kwanza mume wako ashike kamba, asimame katikati ya uwanja na poni amzunguke. Kazi hiyo haihitaji mgongo wenye nguvu, na kwa miaka yote aliyofanya na farasi sidhani kuna mtu hapo kijijini atakayewafundisha vizuri zaidi yake.